Debe la Saa Sita

Shida yangu ilianza mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na nane. Baba alikuwa anakata mti wa kivuli katikati ya kahawa, ukamwangukia. Matanga hayajaisha, baba zangu wadogo wakaniambia kijana asiye na mke hana haja ya shamba, wakaligawana wao. Niliteremka kutoka kule juu ya Tengeru kwa miguu mpaka Arusha mjini, na shati moja na darasa la nne. Hilo darasa la nne ndilo nililo nalo mpaka leo, kwa hiyo anayetafuta maandishi ya msomi atafute kwingine. Nimesaga nafaka zaidi ya miaka arobaini. Nimeacha mwaka jana kwa sababu ya mgongo na sikio, na haya nawaandikia nyinyi mnaoshika mashine sasa. Binti yangu Upendo amenisahihishia herufi. Maneno hajayagusa, nilimkataza.

Mwaka wa kwanza nilibeba mizigo Kaloleni. Mizigo mingi ilikuwa magunia ya mahindi, na magunia ya mahindi mwisho wake ni mashineni, ndivyo nilivyofika kwa Mzee Aminieli. Alikuwa Mchaga wa Machame, Mlutheri, mfupi, mwenye masikio makubwa, na mashine yake ilikuwa kwenye kibanda cha bati ambacho mvua ikinyesha hamsikilizani. Siku niliyomwomba kazi aliniuliza, "Unajua kusoma?"

"Kidogo, mzee."

"Unajua kufagia?"

"Najua."

"Basi anza na hicho unachojua."

Nilifagia miezi minne. Siku aliyoniruhusu kusimama mbele ya mashine, mahindi yalikwama mdomoni nikapeleka mkono kuyasukuma. Alinichapa na fimbo ya mwavuli kwenye kiwiko, mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni, mpaka nikaona nyota. Akaonyesha mashine, akasema, "Aisee, huyu hana macho. Ukimpa hindi anasaga, ukimpa kidole anasaga." Wanawake walicheka. Nina vidole kumi leo. Nimefanya kazi na watu watatu ambao hawana kumi, na hao hawakuwahi kuchapwa na mtu.

Vifaa ni vichache. Kuna nyundo, zile chuma bapa zinazozunguka ndani na kupasua mahindi. Kuna chekeche, bati la matundu ambalo unga unapita. Kuna mkanda, kuna mota, na kuna mfuko wa turubai unaopokea unga. Mzee Aminieli alinifundisha kuisikiliza mashine kabla ya kuiangalia. Nyundo ikilika inapiga mluzi. Mkanda ukilegea unapiga makofi. Chekeche likitoboka halisemi kitu, ila utaona vipande vya mahindi kwenye unga, na mwenye unga atasema kwa niaba yake.

Jambo jingine alilonifundisha wiki ya kwanza, na linahusu yote nitakayoandika hapa chini, ni kuosha mashine. Usiku unga unabaki ndani, umeshika kwenye kuta za chuma. Arusha kuna baridi, na Juni na Julai kuna ukungu mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo unga ule unapata unyevu na kuchacha. Kama umebadilisha nyundo kuna na vumbi la chuma. Debe la kwanza la asubuhi linatoka na uchafu wote huo. Lina rangi ya kijivu, linanuka, na linakwaruza. Kila msagaji anajua. Mzee Aminieli alisaga mahindi yake mwenyewe debe moja kila asubuhi kuisafisha mashine, na unga ule aliwapa nguruwe wake.

Halafu saa sita mchana, foleni ikiwa imefika barabarani, alisimamisha kila mtu. Alichota debe moja kutoka kwenye gunia lake, akalisaga vizuri, akaliweka kando ya benchi. Hapo walikuwa wamekaa wajane wawili watatu, au kikongwe, au mwanamke aliyekimbiwa na mume. Hawakuandikwa popote. Waligawana, wakaondoka. Foleni ilinung'unika kila siku kana kwamba ni jambo jipya.

"Mzee, mimi niko hapa tangu saa tatu! Hilo debe la nani tena?"

"La mwenye mashine."

"Si wewe mwenye mashine?"

"Mimi naiangalizia tu, mama. Mwenyewe yupo."

Nilimwona ni mzee asiyejua biashara. Saa sita ndiyo saa ya wateja. Mara moja nilimwambia, "Mzee, kwa nini debe la maskini tusilisage asubuhi kabla watu hawajaja?" Akanijibu, "Saa sita ndiyo mashine inasaga vizuri," akageuka kukaza mkanda. Hakuwa mtu wa kueleza mara mbili, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nilifikiri ni mazoea ya kizee.

Nilikaa naye mpaka alipouza kila kitu na kurudi Machame kupumzika na wazee wenzake. Namna nilivyopata mashine yangu mwenyewe, mtaa wa Sokon One, ni habari ya fedha, naipita. Inatosha kusema kwamba katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kibanda changu, mota yangu, mke, watoto watatu na kiti cha mzee wa kanisa. Na tangu siku ya kwanza nilitenga debe la maskini kama nilivyofundishwa. Hilo sikulikosea.

Nilikosea saa. Jumapili moja ya mavuno mchungaji alihubiri juu ya malimbuko, kwamba kitu cha kwanza ni cha Bwana, mtu asimpe Mungu mabaki. Watu walileta mikungu ya ndizi, kuku, mayai, na baada ya ibada vikanadiwa nje kama kawaida yetu. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mzee Aminieli alikuwa anatoa debe la katikati ya siku. Mimi nitatoa la kwanza kabisa, kabla sijapokea hata shilingi ya mteja. Na kwa kuwa sikufuga nguruwe, lile debe la kuoshea mashine lilikuwa linanipotea bure. Nikaona nimempita mzee wangu kwa akili. Mashine inasafishwa, maskini wanapata, foleni hainung'uniki.

Nilimweleza mchungaji. Hakuwahi kushika mashine maishani mwake, akafurahi, akanisema madhabahuni: yupo ndugu yetu mmoja hapa, kila asubuhi debe la kwanza ni la Bwana. Watu waligeuka kuniangalia. Mimi nikaangalia mbele, kama mtu ambaye hajui anasemwa nani. Mwezi ule nilinunua koti jipya la kanisani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi miongoni mwa waliokuwa wanachukua unga alikuwa Bi Zaituni. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mjane aliyenizidi miaka kama ishirini, amepanga chumba nyuma ya kibanda changu. Alikaanga mandazi asubuhi na kuyauza kwa mafundi. Binti yake alifariki akamwachia wajukuu wawili, Shamimu wa miaka minane na Idi wa saba. Baba yao alikuwa ameshatangulia. Upande wa baba walikuwa Babati, na wote mtaani tulijua walichosema baada ya arobaini: watoto ni wa ukoo wao, ila watamwachia bibi kwa sharti kwamba wasikute wanateseka. Wakikuta wanateseka, wanawachukua. Bi Zaituni hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya wale watoto. Alikuwa anawapeleka shule ya msingi akiwa amebeba ndoo ya mandazi kichwani, huku anawauliza hesabu za kuzidisha ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Wakikosea alijua kwa sauti yao.

Alikuwa anapata unga wake kila Jumamosi. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa anauchekecha kwa kitambaa mara mbili, nilikuja kujua baadaye, na ukichacha sana alikuwa anauchanganya na wa kununua.

Mwezi wa saba nilibadilisha nyundo zote Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nikaosha mashine na debe la kwanza, nikalifunga kwenye mifuko, Bi Zaituni akachukua wake. Jumapili mimi niko kanisani na koti langu, wakwe wa Babati wakabisha hodi kwa Bi Zaituni bila taarifa. Hakuwa na muda wa kuchekecha. Alipika ugali, akatafuta samaki, akawakaribisha.

Jumatatu saa tatu foleni ilikuwa ya watu kumi na zaidi. Nikamwona anakuja na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikamsalimu, "Shikamoo Bi Zaituni." Hakuitikia. Bi Zaituni, ambaye aliitikia shikamoo hata ya mlevi, hakuitikia. Aliweka sahani juu ya mizani, akafunua. Ugali wa jana.

"Baba Upendo, kula."

"Nimeshakunywa chai, mama."

"Sijakuuliza chai. Kula."

Nilikata tonge nikala. Meno yalikwaruza. Nilitafuna kidogo, nikatafuta pa kutema, watu wote wananiangalia, nikameza.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hicho ndicho nilichowapa wakwe. Shangazi yao alitema kwenye kiganja, akamwonyesha babu yao. Akasema kumbe watoto wa kaka yangu wanalishwa mchanga. Wamelala kwa jamaa yao Kaloleni. Kesho asubuhi basi la Babati, na watoto wanaondoka nao." Hakulia. Alifunika sahani vizuri. "Nimekuja uonje tu, usije ukasema Zaituni amenisingizia."

Mama mmoja kwenye foleni, mwenyeji wa Kijenge, akasema kwa sauti, "Kumbe ule unga anaotangazia kanisani!" Mwingine akasema, "Mimi huwa ni wa pili kila siku. Je, mimi nakula nini?" Nikazima mashine. Nilikuwa sijawahi kuzima mashine yenye foleni isipokuwa umeme umekatika.

Nilimfuata chumbani kwake. Wakwe walikuwa wamekuja kukusanya nguo za watoto. Mzee Hamisi, babu yao, alikaa pembeni ya kitanda na bakora yake. Shangazi yao, Mwanahawa, alikuwa kwenye kigoda anafunga furushi. Watoto walikuwa bado shuleni. Nilivua kofia.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye mwenye mashine ya hapo mbele. Unga mliokula jana ni wa kwangu, nilimpa Bi Zaituni."

Shangazi aliniangalia kuanzia viatu. "Ahaa, kumbe ni wewe. Unasaga mahindi au unasaga barabara?"

"Mwache aseme," Mzee Hamisi alisema. "Ulimpa au ulimuuzia?"

"Nilimpa. Kila Jumamosi nampa."

"Na nyumbani kwako mnakula unga upi?"

Swali lile sikulitegemea. Nilitegemea matusi. "Tunakula wa mchana, mzee."

"Wa mchana ndio upi?"

Nikaeleza. Nilieleza kuosha mashine, unga uliolala, nyundo mpya, vumbi la chuma, yote, nimesimama katikati ya chumba chenye kitanda kimoja, kofia mkononi. Nilieleza yote isipokuwa habari ya nguruwe wa Mzee Aminieli. Mbele ya Waislamu wale ningetoka na bakora kichwani, na haki yao. Hilo sikumwambia hata Bi Zaituni mpaka anafariki. Naliandika leo kwa mara ya kwanza.

Mzee Hamisi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unajua ni uchafu."

"Nilikuwa najua."

"Na ulikuwa unamhesabia Mungu wako."

"Ndiyo, mzee."

Shangazi akakaza fundo la furushi. "Sisi hatukuja kugombana na mashine. Watoto wakae na mtu anayeweza kuwalisha, basi."

"Mama, anaweza," nikasema. "Bi Zaituni anawalisha kwa mandazi yake. Unga ulikuwa wa kumpunguzia mzigo, mimi nikamwongezea. Mkiwachukua watoto kwa ajili ya ule ugali, mtakuwa mmemhukumu yeye kwa kosa langu. Kama kuna wa kuaibishwa mtaa huu, niko hapa. Ila msimnyang'anye."

"Maneno matamu," alisema shangazi. "Tukishapanda basi je?"

Nikasema, "Saa sita njooni mashineni. Mmoja wenu akae kwenye benchi."

Bi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nilipopita alisema taratibu, "Nenda ukawashe mashine, Baba Upendo. Watu wanasubiri." Nilimwona amechoka.

Nilirudi. Nusu ya foleni ilikuwa imeondoka, na hawa waliobaki kila mmoja alikuwa anamsukuma mwenzake awe wa kwanza. Niliosha mashine kwa mahindi yangu, nikamwaga ule unga kwenye shimo la taka wakiangalia. Halafu nikasaga kama kawaida.

Saa sita Mzee Hamisi alikuja na bakora, akakaa. Shangazi alisimama nyuma yake, akiwa amejifunga kanga kama anayekwenda kupigana. Bi Zaituni naye akaja. Nilichota debe kutoka gunia nililokuwa nakula mimi na wanangu, nikalisaga. Mzee alitia kiganja kwenye unga ungali moto, akaupeleka ulimini. Alifumba macho kama anayesikiliza redio. Shangazi akafanya hivyo hivyo, ila macho wazi.

"Huu ni unga," Mzee Hamisi alisema. "Lakini leo unampa huu kwa sababu nimekaa hapa. Nikipanda basi, nani atakaa hapa?"

"Nitakaa mimi," Bi Zaituni akasema.

"Wewe unapewa bure, mama. Anayepewa bure ana mdomo wa kukataa?"

"Mkwe wangu," Bi Zaituni alisema, "la kwanza nimelikataa leo asubuhi, mbele ya watu, na sahani mkononi. La pili litanishindaje?"

Shangazi Mwanahawa alicheka. Alicheka ghafla, akajiziba mdomo, na foleni yote ikacheka naye, na hapo nikajua furushi litafunguliwa. Mzee hakucheka. Alipiga bakora chini mara moja akasema watoto watabaki mpaka yeye atakaporudi, na atarudi siku asiyoisema, na atakula kitakachokuwepo. Bi Zaituni alikaa chini palepale kwenye vumbi la unga, kanga ya bluu ikawa nyeupe. Watoto walipotoka shule walimkuta bado amekaa hapo.

Shangazi alipoondoka alinunua kilo mbili za sembe. Akalipa, akahesabu chenji yake mbele yangu, na akaondoka.

Kuanzia siku ile utaratibu ukawa huu, na ndio nataka muushike. Saa sita mnasimamisha foleni. Wanaopewa wanakaa kwenye benchi wanaona unga unavyotoka. Wao ndio wanachagua gunia. Mkifungua gunia likiwa na fukusi, wana haki ya kusema fungua jingine. Unga ukitoka mbaya, wana haki ya kusema rudisha. Na wakisema, hamkunji uso. Bi Zaituni alikaa kwenye lile benchi miaka kumi na miwili. "Hili limeungua, mkanda wako umelegea." "Hili lina pumba, umechoka kukoboa?" Alinifanya msagaji mzuri kuliko alivyonifanya Mzee Aminieli, na hakuwahi kusema asante kwa namna ya kunyenyekea. Alisema asante kama mtu anayepokea chenji.

Jumapili iliyofuata niliomba dakika mbili wakati wa matangazo. Niliwaambia washarika kwamba debe lile walilosifia lilikuwa uchafu wa mashine na kwamba nilijua. Hakuna aliyegeuka kuniangalia safari hii, wote waliangalia viatu. Mchungaji alinivuta pembeni baada ya ibada. "Mzee Eliamani, lakini Neno linasema malimbuko."

"Mchungaji," nikamwambia, "Neno lilisemwa kwa wakulima. Shambani cha kwanza ndicho kizuri. Mashineni cha kwanza ni taka. Ukihubiri tena, waulize watu kwanza wanafanya kazi gani."

Alinuna wiki mbili. Mwaka uliofuata, Jumapili ya mavuno, aliwauliza kweli. Fundi rangi mmoja akasema kwake kopo la kwanza ni la kujaribia ukutani, na mama muuza maziwa akasema kwake ya kwanza ni ya kusafishia chuchu, yanamwagwa. Ibada ilichelewa kutoka, lakini watu walisikiliza.

Kuna mambo mengine magumu nimeyaona kwenye lile debe. Kuna mwanamume alikuja siku tatu mfululizo na kofia tatu tofauti. Nilimpa mara zote tatu, ila siku ya tatu nilimwambia kofia ya kijani inampendeza zaidi. Kuna mama alikuwa anauza unga niliompa ili anunue mafuta ya taa, watu wakanijia mbio kunishtakia. Nikawauliza kama mtoto anasoma gizani. Mimi unga siufuati nyumbani kwa mtu. Nikishaupima, umekuwa wake. Kuna na tajiri mmoja alitaka kuleta magunia ishirini na mpiga picha. Nilipokea magunia, mpiga picha nikampa ufagio. Walirudi naye garini.

Na kuna miaka ambayo debe lenyewe lilinishinda. Mwaka wa mgao wa umeme tulisaga masaa manne kwa siku, mahindi yakapanda, mke wangu akaniuliza kama nimeoa mashine au nimemwoa yeye. Tulikaa tukazungumza. Tukapunguza debe likawa nusu, na nikawaambia wa benchini kwamba ni nusu, na kwa nini. Bi Zaituni akasema, "Nusu nzuri naichukua." Hatukuruka hata siku moja ya kusaga. Fungu la kumi la kanisani nalo nililitoa, lakini hilo nililitoa kimya, nilikuwa nimeshachoka kusifiwa.

Mzee Hamisi alirudi kama alivyosema. Alirudi siku ya Jumatano, saa nane, hakuna aliyemtegemea, akakuta ugali na mchicha. Shangazi ndiye aliyekwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Walikula, wakalala, wakaondoka wenyewe. Walikuja tena mara mbili, ya tatu walikuja kwa sababu ya kusalimia tu. Watoto wale walikulia kwa bibi yao mpaka walipomaliza shule. Idi ni fundi bomba, ameniwekea tenki la maji. Shamimu ana duka la vitenge Babati, alikwenda mwenyewe akiwa mkubwa, amepanga jirani na shangazi yuleyule, na nasikia wanagombana kila siku na hawaachani. Bi Zaituni alifia kitandani kwake, wajukuu wote wawili wapo. Nilikwenda kuzika. Mzee Hamisi alikuwa ameshatangulia, shangazi aliniona kwa mbali akanisogezea kiti.

Sasa, nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Sokon One, bati jipya upande mmoja, upande wa pili bado. Nusu ekari Moshono yenye migomba na parachichi. Ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa, mwingine anakula tu. Mke mmoja, Mama Upendo. Watoto watatu na wajukuu saba. Redio. Baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Biblia ya herufi kubwa. Makoti mawili. Sikio la kushoto. La kulia liko mashineni. Deni la mtu sina.

Mashine pia sina. Niliwauzia vijana wangu wawili waliokuwa wanafanya nami kazi, pamoja na mota, machekeche manne na mizani. Debe la saa sita sikuliandika kwenye makubaliano, kwa sababu halikuwa langu la kuuza, na wao ni watu wazima. Wiki iliyopita nilipita pale mchana nikitoka kununua dawa ya ng'ombe. Sikuingia. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake watatu na mzee mmoja ambao siwajui. Foleni ilikuwa imesimama inanung'unika. Mwanamke mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameshika unga kiganjani, amekunja uso, anamwambia kijana wangu, "Huu hapana, kaka. Saga mwingine."

Na yule kijana alikuwa anarudi kwenye gunia.